Pampu Iliyoshonewa Ndani ya Godoro la Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi usiitikie, nisaidie tu, maana maji yamenifika shingoni na aliyefungua bomba ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa magodoro ya pamba, yale ya kushona kwa mkono, nina mke mmoja, mpishi wa kantini ya shule, na mama mkwe mmoja anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na wote wawili nawapenda, hilo naomba uliweke akilini mapema kabla hujaanza kunifikiria vibaya. Kazi yangu ina msimu wake, watu hukumbuka magodoro yao kiangazi kinapokaribia kwisha, wanataka yafumuliwe, pamba ipigwe fimbo, ianikwe juani, irudishwe ndani kabla mvua na baridi hazijaingia, kwa hiyo majuma yale yale ambayo upepo unageuka na vumbi linatembea ndiyo majuma ambayo mimi niko katikati ya pamba ya watu, nyingine ina miaka kumi na tano haijaona jua, na kifua changu kina pumu tangu utotoni. Mwaka jana kilinibana mchana kweupe nikaanguka juu ya godoro la mteja, mke wangu akaitwa kantini, akaja mbio na aproni yake na unga mpaka kwenye nyusi, akanishika mkono mpaka hospitali bila kusema neno, na mke wangu si mtu wa kwenda hata dukani bila kusema neno.

Hapo ndipo alipoanza haya mambo ya Ayurveda. Ni ule utabibu wa zamani wa Wahindi, alikwenda kufundishwa Jumamosi kumi na mbili na mama mmoja aliyeusomea, akarudi na daftari limejaa, akanieleza kwamba kila mwili una upepo wake, moto wake na ute wake, na msimu ukigeuka navyo vinageuka, sasa mtu asipojiandaa msimu unamkuta kama mgeni anayekuta nyumba haijafagiwa. Akabandika karatasi kubwa ukutani jikoni yenye siku zote za msimu, na kuanzia asubuhi ile nikawa naamka kabla ya jua, nakwangua ulimi, nakunywa maji ya moto, najipaka mafuta ya ufuta mwili mzima kabla ya kuoga mpaka kitasa cha bafu kikawa kinaniteleza, chakula ni cha moto chenye samli na tangawizi, kiporo marufuku, maji ya baridi marufuku, mlo mkubwa ni wa mchana, na katikati ya milo ni chai ya mbegu za jira, giligilani na shamari.

Na nisiseme uongo, angalau hapa nisiseme, ilinifaa. Tumbo langu lililokuwa likinguruma kwenye foleni ya benki watu wakageuka limetulia, visigino vimeacha kupasuka, usingizi naupata, magoti yangu yanakunjika kama ya kijana. Mke wangu kila jioni alikuwa ananiuliza, "Kifua?" nami najibu, "Kizima," naye anachukua kalamu nyekundu anaweka alama ya vema kwenye karatasi yake, anarudi nyuma kidogo kuitazama, na ungeiona ile sura yake, Mshauri, ungejua kwa nini nimefika hapa.

Maana juma la pili kifua kilibana. Hakikubana sana, kilipiga tu ile filimbi yake ndogo ninayoijua, na badala ya kumwambia mke wangu nikaenda zahanati kimya kimya, nesi akanipa pampu ya pumu, akasema niivute asubuhi na jioni bila kuacha mpaka msimu upite, nikamwahidi nitaitunza kuliko macho yangu. Nikawa naivutia karakana. Filimbi ikanyamaza, jioni naulizwa "Kifua?" najibu "Kizima," na kwa kweli kilikuwa kizima, uongo ulikuwa kwenye sababu tu.

Sasa tatizo la mke wangu ni kwamba mchana ananiletea chakula mwenyewe, na akifika hupangapanga kila kitu, hufungua droo, hufuta meza, huhesabu hata shazia zangu, zile sindano ndefu za kushonea magodoro, kwa hiyo mahali pekee ambapo hawezi kutia mkono ni ndani ya godoro lililo wazi, nami pampu nikawa naihifadhi humo, kwenye kona, naitoa kabla sijashona. Ulikuwa utaratibu mzuri kabisa, ulikwenda majuma matatu. Siku ya godoro la mama mkwe, mke wangu aliwahi saa nzima. Akavuta kiti akakaa mbele yangu akasema, "Malizia la mama, nimeomba ruhusa kazini, tulibebe pamoja." Nikamwambia bado pamba haijakaa vizuri, akaibonyeza akasema imekaa. Nikamwambia uzi umeisha, akatoa kibonge cha uzi kwenye droo, si nilikuambia anazijua. Mshauri, nilishona. Nilishona mishono iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kushona maishani, mke wangu ananisifia huku jasho linanitoka mgongoni, tukalibeba godoro mimi mbele yeye nyuma, tukalitandika, na mama mkwe akanibariki.

Siku ya tatu mama mkwe akaanza kulalamika bega. "Kuna kitu kinanichoma hapa," anasema, "kama kidole cha mtu." Mke wangu akafungua daftari akasema huo ni upepo, msimu huu upepo hukaa begani, akaanza kumkanda kwa mafuta ya ufuta ya uvuguvugu kila asubuhi. Haukutoka. Juma lililofuata mama mkwe akaligeuza godoro, kichwani pakawa miguuni, na maumivu yakahamia kwenye kigimbi cha mguu. Mke wangu alifurahi, jamani! "Unaona mama? Upepo huwa unahama!" Akaongeza mafuta. Mimi nimekaa sebuleni nasikiliza, naangalia sakafu. Nimefikiria kuingia nifumue ile kona, lakini mkwe mzima nikutwe chumbani kwa mama mkwe na makasi, nitasema natafuta nini? Nimefikiria kusingizia kunguni, lakini kumwambia mama mkwe kitanda chake kina kunguni ni kesi nyingine kubwa kuliko hii. Na fundi anayefumua godoro alilolishona juzi, mteja wa pili nitampata wapi?

Kuna jambo jingine dogo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mke wangu aliwaita wanawake wa mtaa awafundishe namna ya kuupokea msimu, akaniomba nisimame nitoe ushuhuda. Mdomo uliponza kichwa. Nilisimama nikasema tangu nianze chai ile sijui hata kukohoa kunaanzaje, wakapiga makofi, nami nikanogewa nikaongeza kwamba dawa za hospitali sizijui tena. Siku mbili baadaye nilimpelekea mama mkwe foronya, nikaona kopo lake la vidonge vya presha limejaa vifungo vya nguo. Nikamuuliza vidonge viko wapi. Akacheka akasema, "Kama kifua cha fundi kimepona kwa mbegu, presha yangu mimi ni nani? Nimevimwaga. Lakini usimwambie binti yangu, nataka nimshangaze msimu ukiisha." Leo ni siku ya tisa bila vidonge, analalamika kichwa kinamgonga kisogoni, mke wangu anampaka mafuta.

Pampu nyingine nimepewa, naivutia chooni. Naomba unishauri, nimtoeje mama mkwe kwenye godoro lile bila mke wangu kujua, na hiyo habari ya vidonge niiseme vipi ilhali nimeambiwa ni siri, na nikiisema nitaulizwa kwani mimi kifua kilipona kwa nini. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma, ila tafadhali usipige mchana, mke wangu huwa yupo.

Ni mimi mwenye kifua kizima na roho inayokohoa,
Fundi Magodoro

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimekupigia mchana.

Wasomaji wangu wataniuliza tangu lini Mshauri anapigia watu simu. Huwa sipigi. Lakini barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hili hutoka Alhamisi, na mama wa watu aliyeacha vidonge vya presha siku tisa, kichwa kinamgonga, hawezi kungoja nipate nafasi kwenye ukurasa. Umeandika kurasa nne. Godoro limechukua tatu na nusu. Vidonge umeviita "jambo jingine dogo" ukaviweka mwishoni. Hata shazia zako umezitaja mapema kuliko roho ya mama mkwe wako! Nilipofika mstari ule wa vifungo nilikiacha kikombe changu mezani nikatafuta namba.

Unakumbuka ulivyonijibu. "Subiri Mshauri, mke wangu akiondoka nitakupigia." Nikakwambia hapana, nenda nyumba ya tatu sasa hivi, mshike mama mkono mwende zahanati, njiani umwambie unavuta pampu. Ukaniuliza, "Nianzeje?" Nikakwambia anza na shikamoo, mengine yatakuja yenyewe. Jioni ukanitumia ujumbe kwamba presha imepimwa, nesi hakuipenda hata kidogo, amelazwa mpaka ishuke, vidonge vipya vimeandikwa. Umefanya vizuri. Umefanya kwa kuchelewa, kwa kusukumwa, ukiwa na viatu vya kuogea kama ulivyoniambia, lakini umefanya. Nesi amesema siku mbili tatu zaidi zingetosha kuwaletea msiba, na neno hilo nataka ulisikie kila unapoona mtu anapiga makofi.

Sasa nikuchambue, maana hapa ndipo unapotaka nikuonee huruma. Huruma ninayo. Najua hukuficha pampu kwa ubaya. Ulipenda kumwona mkeo akirudi nyuma kuitazama ile karatasi, na mwanamume anayependa kuona mkewe amefurahi ni mtu wa kutunzwa. Lakini barua yako nimeipekua mara mbili nikitafuta mahali ambapo mkeo alikuambia uache dawa za hospitali. Hakuna. Hakukukataza pampu hata siku moja. Ulijikataza mwenyewe, ukajificha mwenyewe, ukajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, na yalikuwa ya ufuta.

Na elimu ya mkeo usiisingizie. Kula cha moto msimu wa baridi, kulala mapema, kujikanda mafuta ngozi inapokauka, kutokula kiporo, ni nani atakayekataa? Umekiri mwenyewe tumbo limetulia. Lakini elimu yoyote ya mwili, ya Wahindi, ya hospitali, au ya bibi yako mzaa mama, huanza na mgonjwa kusema anavyojisikia. Kila jioni mkeo alikuuliza swali moja, "Kifua?" nawe ukamjibu kifua cha pampu ukamwachia aandike cha chai. Yeye ni mpishi, ataelewa nikisema hivi: ulikuwa unamwonjesha sufuria ya jirani, halafu yeye anatia chumvi kwenye yake. Anazo alama nyekundu ukutani ambazo hata moja haimwambii ukweli, na kwa alama hizo amefundisha mtaa mzima. Wangapi wengine wamejaza vifungo kwenye makopo yao? Hujui. Hata mimi sijui. Ndiyo sababu barua hii naichapa.

Mambo ya kufanya, na usiyapange kwa urahisi wake, yafanye.

Mama akiruhusiwa kurudi, godoro lifumuliwe mchana, yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti anatazama, na pampu aitoe yeye. Usiiibe, usisingizie kunguni, wala panya, wala pamba mbovu. Sifa ya ufundi wako haitakufa kwa kona moja. Na umwombe radhi bega lake, na kigimbi chake, kila kimoja kwa jina. Akicheka, cheka naye. Akikupiga na foronya, inama.

Wanawake wale waitwe tena, palepale, kwa idadi ileile. Utasimama useme pampu ndiyo ilinyamazisha kifua, chai ilituliza tumbo, na kwamba mwenye vidonge vyake asiviache bila kumwona aliyempa. Uongo ulioutoa umesimama hauwezi kuukanusha umekaa. Najua makofi hayatakuwepo. Utaishi.

Ukirudi zahanati, mweleze nesi kila unachokunywa na kila unachojipaka, na yule mama wa Ayurveda aliyemfundisha mkeo naye aambiwe kila unachovuta. Hao wawili hawagombani kama unavyodhani, wanaofichana ni ninyi wagonjwa. Na jamani, Fundi, hivi kweli! Mtu mwenye pumu anapiga fimbo pamba ya miaka kumi na tano bila hata kitambaa puani, halafu anatafuta mchawi kwenye upepo wa msimu. Vaa barakoa. Pamba ipigie nje, umeupa upepo kisogo, kisha uoge kabla hujakaa kula. Jambo hilo si la Ayurveda wala la hospitali, ni la mtu mwenye akili zake.

Limebaki moja, na ndilo unalolikwepa mpaka leo. Nilipokupigia tena jana nikakuuliza kama mkeo anajua, ulisema, "Anajua mama yake aliacha vidonge." Nikakuuliza, anajua kwa sababu ya nani? Ukasema mtandao unakatika. Haukukatika, Fundi, nilikuwa nakusikia unavyohema.

Sikiliza. Mkeo hakwenda darasani Jumamosi kumi na mbili ili aonekane mjuzi. Mwaka jana alikushika mkono kutoka karakana mpaka hospitali akiwa hana sauti, kwa sababu aliona anakwenda kubaki mjane na unga kwenye nyusi. Yale mafuta, yale maji ya moto, ile kalamu nyekundu, vyote ni hofu yake aliyoitafutia kazi. Na sasa kila akitoka kazini anakaa kando ya kitanda cha mama yake akijilaumu kwamba masomo yake ndiyo yaliyomlaza. Anaubeba mzigo wako, na wewe unamwona anaubeba. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko pampu, kuliko hata ushuhuda. Atakasirika, ndiyo. Atanuna siku kadhaa, pengine utakula viporo vya kantini mpaka ukome. Lakini atajua kilichotokea, na mwanamke mwenye akili kama huyo akishajua kilichotokea hujua la kufanya.

Uliniambia kwenye simu kwamba mkeo husoma ukurasa huu, na kwamba gazeti humfikia kantini saa nne, akishamaliza kuwapa walimu chai.

Mwambie saa tatu.